Mchukuzi wa Barua na Mwizi wa Wimbo

Katika kila nchi yenye posta pana kanuni moja ambayo watu huijua hata kabla ya kusomeshwa: mchukuzi wa barua ni mchukuzi tu. Anwani iliyo juu ya bahasha ana ruhusa ya kuisoma, kwani asipoisoma hawezi kuifikisha. Lakini maneno yaliyo ndani si yake. Ukienda posta ya Kitale au ya Bungoma ukatumbukiza barua yako, humdhanii karani kuwa ataifungua ili aone kama umemtukana mtu au umeiba shairi la mwenzio. Insha hii, msomaji, ni habari ya kanuni hiyo: jinsi ilivyopatikana, jinsi ilivyovunjwa, na jinsi inavyotiwa majaribuni katika siku zetu. Tena wanaoitia majaribuni si watu waovu. Ni watunzi wa nyimbo, watengenezaji wa filamu, na wale walionunua haki ya kuonyesha michezo ya mpira, ambao mali yao huchukuliwa kila siku kwa njia ya intaneti bila malipo. Hao huziambia kampuni zinazotuletea intaneti kwamba ninyi ndio mnaoona kila kinachopita. Watazameni wateja wenu, mtuambie mwizi ni nani.

Ombi hilo ni jepesi kulitamka. Uzito wake hauonekani mpaka mtu ajue yaliyotokea zamani, wachukuzi walipoombwa kutazama ndani.

Mwaka 1844 alikuwako London mkimbizi wa Kitaliano aitwaye Giuseppe Mazzini, mtu aliyetaka nchi yake, iliyogawanyika chini ya wafalme wengi, iwe taifa moja. Mazzini alianza kushuku kwamba barua zake zinafunguliwa njiani. Hakwenda kwanza mahakamani, wala hakupiga kelele. Aliwaomba rafiki zake watie ndani ya bahasha vitu vidogo visivyo na thamani: chembe za mchanga, mbegu ndogo, unywele mmoja. Barua zilimfikia zimefungwa vizuri, lakha yake nzima, wala mchanga haumo, mbegu hazimo, unywele haumo. Basi akajua. Mbunge mmoja, Thomas Duncombe, akalipeleka lalamiko lake Bungeni, na waziri wa mambo ya ndani, Sir James Graham, akalazimika kukubali kwamba alikuwa ametoa hati ya kuzifungua. Jambo lililowaudhi Waingereza zaidi ni kwamba habari zilizopatikana humo zilikuwa zimefikishwa kwa serikali ya Austria, adui wa Mazzini. Watu wakaanza kuandika kwa mzaha juu ya bahasha zao kwamba barua hii isifunguliwe na Graham. Ofisi ya siri iliyokuwa ndani ya posta ikafungwa mwaka ule ule.

Lakini tazama neno moja ambalo vitabu vingi hulipita haraka. Uwezo wa waziri wa kutoa hati ya kufungua barua haukufutwa. Kilichofutwa ni ile ofisi iliyofanya kazi hiyo kila siku kama desturi. Tangu hapo tofauti hiyo imekuwa kiini cha mashauri yote ya namna hii: kumfungulia barua mtu mmoja anayeshukiwa, kwa hati iliyo na jina lake, ni jambo moja, kusimamisha mtu posta azipitie barua za watu wote ni jambo jingine.

Hapa petu Afrika Mashariki kanuni ya posta ililetwa pamoja na stempu, na mara nyingi iliwekwa kando. Wakati wa Vita Kuu ya Pili vijana wengi wa nchi hii waliingia jeshini, wakapigana Ethiopia, Madagaska na Burma. Barua walizowaandikia wazazi na wake zao, na barua walizoletewa kutoka nyumbani, zilipitia mikononi mwa wakaguzi wa jeshi. Wakaguzi hawakutafuta siri za vita peke yake. Waliandika taarifa ndefu juu ya mambo ambayo askari walinung'unikia: mshahara, chakula, mke aliyekaa kimya, shamba lililochukuliwa na ndugu. Taarifa hizo leo zimo katika nyaraka za serikali, na wanahistoria huzisoma kwa furaha kubwa, kwa kuwa hawana mahali pengine pa kuisikia sauti ya askari wa kawaida. Nami sioni haya kusema kwamba nimefaidika nazo nilipokuwa nikijifunza historia. Hata hivyo yule baba aliyemwandikia mwanawe habari za ng'ombe aliyekufa hakutuandikia sisi.

Baada ya vita mambo hayakulegea. Katika nchi ya Bukusu na Trans Nzoia serikali ya kikoloni iliipiga marufuku Dini ya Msambwa mwaka 1948, na tangu hapo mkutano wa watu kumi usiku ulitosha kuamsha shaka ya chifu. Oktoba 1952 hali ya hatari ilipotangazwa Kenya, barua za waliotiwa kizuizini zilisomwa na wakaguzi kabla ya kutoka kambini na kabla ya kuingia. Wazee waliopita huko walijifunza kuandika barua isiyosema kitu. Hayo ndiyo madhara ambayo hayahesabiki kwa shilingi: mtu ajuaye kwamba anasomwa huacha kuandika, ijapokuwa hana kosa.

Sasa na tugeuke upande wa pili, maana haifai kumhukumu mlalamikaji kabla ya kusikia kisa chake.

Haki ya mtunzi juu ya kazi yake si haki ya kale sana. Sheria inayohesabiwa kuwa ya kwanza ya namna hiyo ilitungwa Uingereza mwaka 1710, enzi ya Malkia Anne. Ikampa mwandishi wa kitabu kipya miaka 14 ya kuwa peke yake mwenye idhini ya kukichapisha. Kabla ya hapo tabu ya kunakili ilikuwa ulinzi wa kutosha. Mtu aliyetaka kukiiba kitabu ilimpasa kukiandika chote kwa mkono. Kila chombo kipya kilichopunguza tabu hiyo kilimwongezea mtunzi hofu: mashine ya kuchapia, santuri, na kisha, mwaka 1963, kaseti ndogo ya kampuni ya Philips, ambayo mtu yeyote mwenye mashine mbili angeweza kuinakili sebuleni mwake.

Kenya huru ilijitungia sheria yake ya hakimiliki mwaka 1966. Lakini kaseti haikusoma sheria. Katika barabara ya River Road, Nairobi, palikuwa na studio na maduka ya muziki, na kando yao wakanakili. Kaseti ya mpiga litungu ikitoka asubuhi, nakala zake zilikuwa njiani kuelekea magharibi siku zile zile, zikauzwa katika stendi za Bungoma, Webuye na Kitale kwa bei ya chini kuliko ya halali. Mwenye wimbo alisikia sauti yake ikitoka katika kila matatu, akafurahi kwa nusu saa, kisha akahesabu fedha alizopata. Chama cha hakimiliki za muziki kilianzishwa mwaka 1983 ili kiwakusanyie wanamuziki haki zao. Sheria mpya ya mwaka 2001 ikaunda Bodi ya Hakimiliki, na stempu maalumu ikatakiwa kubandikwa kwenye kila kaseti na sahani ya muziki ili halali ijulikane na haramu. Kisha zikaja kadi ndogo za simu. Vibanda vikafunguliwa ambamo kwa shilingi chache kijana alijaziwa nyimbo mia kwa mkupuo mmoja, na ile stempu haikuwa na mahali pa kubandikwa tena.

Usidhani ni jambo dogo. Mkulima wa mahindi wa Kwanza akiibiwa gunia, anajua ni gunia gani lililopotea. Mtunzi akiibiwa wimbo, wimbo bado anao. Kilichopotea ni mnunuzi ambaye hakuja, na mtu asiyekuja hana alama ya nyayo. Ndiyo maana wenye hakimiliki huwa wakali katika madai yao, na ndiyo maana pia ni vigumu kupima hasara yao kwa haki. Hupendelea kuhesabu kila nakala kuwa mauzo yaliyopotea, hesabu ambayo mimi siikubali, kwani kijana asiye na shilingi mia tano hangenunua hata kama nakala ya bure isingalikuwako. Lakini kuikataa hesabu si kuukana wizi.

Intaneti ya kuuzwa kwa watu ilianza Kenya yapata mwaka 1995. Kwa miaka mingi ilipitia mitambo ya setilaiti, nayo ilikuwa ghali na ya polepole hata kuiba filamu kwa njia hiyo kulihitaji subira ya mvuvi. Mwaka 2009 nyaya za baharini ziliwasili Mombasa, ule wa TEAMS na ule wa SEACOM. Kutoka pwani njia za nuru zikasambazwa barani, na baada ya muda mji kama Kitale, pamoja na viunga vyake kama Kibomet, ukawa na kasi ambayo zamani haikupatikana hata katika ofisi za Nairobi. Filamu iliyochukua siku mbili ikachukua dakika. Kwa kufungua mlango huo tulifungua pia ugomvi ambao nchi nyingine zilikuwa zimekwisha kuuanza.

Hapa sina budi kukueleza, japo kwa ufupi, jinsi mambo yanavyokwenda ndani ya waya. Kitu chochote upelekacho au uletewacho hukatwa vipande vidogo, na kila kipande huandikwa namba ya kutokea na namba ya kwendea. Namba hizo ndizo anwani juu ya bahasha. Kampuni yako ya intaneti lazima izisome. Nayo peke yake ndiyo ijuayo kwamba saa fulani namba fulani ilikuwa ya mteja fulani. Kuna njia mbili za kumnasa anayeiba. Ya kwanza ni ya nje. Katika mifumo ya kugawana mafaili, kama ule wa BitTorrent uliotungwa na Bram Cohen mwaka 2001, kila anayechukua filamu huwagawia wengine vipande, na namba zao huonekana kwa wote waliomo. Wakala wa mwenye filamu hujiingiza humo kama mnunuzi katika soko la wizi, huandika namba, kisha huenda kwa kampuni ya intaneti kuuliza ni ya nani. Ya pili ni ya ndani: kampuni yenyewe huweka mtambo unaofungua kila kipande na kulinganisha kilichomo na orodha ya kazi zilizokatazwa. Njia ya kwanza humwomba mchukuzi jina la mwenye sanduku la posta. Njia ya pili humtaka afungue barua zote.

Marekani walianza na ya kwanza. Mwaka 2002 umoja wa kampuni za santuri ulimtaka mchukuzi mmoja, Verizon, ataje jina la mteja aliyekuwa amegawa nyimbo zaidi ya 600. Verizon ilikataa. Haikudai kwamba wizi ni halali. Ilidai kwamba karatasi iliyoletwa haikutoka kwa jaji aliyesikiliza shauri, bali ilipigwa mhuri tu na karani wa mahakama. Ilishindwa mwanzoni mwa mwaka 2003, lakini mwezi wa Desemba mahakama ya rufaa ikaipa haki, ikasema kwamba njia ile fupi haikuwekwa kwa ajili ya kampuni inayopitisha tu maneno ya watu pasipo kuyahifadhi. Katikati ya hayo, Septemba 2003, umoja ule uliwashtaki watu 261 kwa siku moja. Baadaye ikajulikana kwamba mmoja wao alikuwa mtoto wa kike wa miaka 12 wa New York, ambaye mama yake alilipa dola 2,000 ili shauri liishe. Gazeti hata moja halikuhitaji kuongeza chumvi.

Ubelgiji walijaribu ya pili. Chama cha watunzi kiitwacho SABAM kiliishtaki kampuni ya intaneti ya Scarlet mwaka 2004, na mwaka 2007 mahakama ya Brussels ikaiamuru kampuni iweke mtambo wa kuchuja mawasiliano ya wateja wake wote, kwa gharama yake yenyewe, bila kikomo cha wakati. Shauri likapanda hadi Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, nayo tarehe 24 Novemba 2011 ikasema kwamba amri kama hiyo haiwezi kusimama. Majaji walikiri kuwa haki ya mtunzi ni haki ya kweli, lakini wakasema si haki isiyogusika. Ni lazima ipimwe pamoja na uhuru wa kampuni kufanya biashara, na haki ya wateja kulindiwa habari zao na kupokea maneno ya wenzao. Mtambo wa kuchuja tena hauwezi kutofautisha daima halali na haramu. Mwalimu akinukuu dakika moja ya filamu kwa somo lake, mtambo huona filamu, haumwoni mwalimu.

Wafaransa nao walitunga sheria mwaka 2009 ya kumwonya mtu mara mbili na mara ya tatu kumkatia intaneti. Baraza lao la Katiba likasema mwezi wa Juni mwaka ule kwamba kukata ni kazi ya jaji, si ya ofisi, kwa kuwa intaneti imekuwa njia ya watu kusema na kusikia. Mwaka 2013 adhabu ya kukata iliondolewa kabisa.

Turudi Kenya. Katiba tuliyoizindua Agosti 2010 ina vifungu viwili ambavyo ningependa uvisome pamoja, kwani aghalabu husomwa mbalimbali. Kifungu cha 31 humpa kila mtu haki ya faragha, pamoja na haki ya kutoingiliwa mawasiliano yake. Kifungu cha 40 huitaka serikali iunge mkono na kulinda haki za Wakenya juu ya kazi za akili zao. Katiba, basi, imemweka mwandikaji wa barua na mtunzi wa wimbo chini ya paa moja, ikawaacha wapatane. Na hata kabla ya Katiba, sheria ya habari na mawasiliano ya mwaka 1998 ilikuwa imekwisha kumtisha mchukuzi kwa faini ya hadi shilingi 300,000 au kifungo cha hadi miaka 3 endapo atanasa ujumbe wa mteja, au kutoa siri yake, nje ya shughuli yake ya halali.

Mwaka 2019 Bunge lilifanya jambo ambalo, kwa maoni yangu, ni la busara kuliko watu wengi wanavyolisifu. Liliirekebisha sheria ya hakimiliki. Mwenye kazi iliyoibwa akapewa njia ya kuipelekea kampuni ya intaneti notisi yenye maelezo kamili, na kampuni ikatakiwa kuifunga njia ya kazi hiyo ndani ya saa 48 za kazi. Anayepeleka notisi ya uongo naye akawekewa adhabu. Kampuni ikiletewa hati ya wito, sharti itoe habari za kumtambulisha mshukiwa kwa wapelelezi. Kisha likafuata neno fupi: kampuni haina wajibu wa kuyachunguza yanayopita kwake, wala wa kuzunguka ikitafuta dalili za makosa. Mwaka huo huo, mwezi wa Novemba, ikatiwa saini sheria ya kulinda data, inayomlazimu kila anayekusanya habari za watu kuwaambia anazikusanya kwa kazi gani, na kutozitumia kwa kazi nyingine isiyopatana na hiyo.

Sheria hiyo ya hakimiliki haikukawia kupata mtihani. Mwaka ule wa 2019 kampuni ya MultiChoice, inayolipia haki za kuonyesha michezo mikubwa ya mpira, ilizipelekea Safaricom na Jamii Telecommunications notisi za kufunga tovuti zilizokuwa zikionyesha michezo hiyo bila idhini. Tovuti hazikufungwa. Shauri likafika Mahakama Kuu, Nairobi, na katikati ya mwaka 2022 mahakama ikaziamuru kampuni hizo mbili kuzifunga tovuti 141. Kabla ya hapo, mwaka 2021, ulikuwa umeletwa Bungeni mswada uliotaka kuvifuta vifungu vile vya notisi. Wenye hakimiliki walipinga kwa nguvu, na sheria iliyotoka mwaka 2022 ikaviacha mahali pake.

Ninyi wanafunzi mtapenda kujua kama amri hiyo iliwaingilia wateja faragha yao. Jibu langu ni kwamba kwa sehemu kubwa haikuwaingilia. Kufunga duka la mwizi si sawa na kuwapekua wapita njia. Mchukuzi huambiwa tu asipeleke mtu kwenye anwani hii na hii. Hahitaji kuandika ni nani aliyetaka kwenda. Udhaifu wake ni mwingine: mwenye duka hubadilisha jina usiku, akafungua kesho pembeni, na orodha ya 141 ikawa ya jana. Hapo ndipo wenye mali huanza tena kuwatazama wateja kwa jicho la kutaka majina.

Na majina ni jambo la hatari kuliko linavyoonekana. Namba ya intaneti si kitambulisho cha mtu. Simu nyingi za mkononi hushiriki namba moja ya nje kwa wakati mmoja. Nyumba ya kupanga yenye vyumba kumi hulipia mtambo mmoja wa intaneti, na anwani ni ya mwenye nyumba. Chuo huwa na wanachuo mamia nyuma ya mtambo mmoja. Fikiri sasa mama mmoja wa Kibomet anayeuza chai, ambaye amewaachia wateja wake neno la siri la intaneti yake limebandikwa ukutani ili wakae zaidi. Kijana mmoja akaketi, akaagiza chai ya rangi, akachukua filamu tatu. Karatasi ya wakala itaandikwa jina la nani? Na mama huyo atalipa nauli ya kwenda kwa wakili Eldoret, au atalipa anachotajiwa ili mambo yaishe?

Tena fahamu kwamba mtazamaji hapati tu kile alichokitafuta. Siku hizi kurasa nyingi husafiri zimefungwa kwa maandishi ya siri, hata kampuni haiwezi kuyasoma yaliyomo. Lakini majina ya tovuti aghalabu bado huyaona, pamoja na saa na kiasi. Anayeona kwamba mtu fulani ameingia mara nne usiku katika tovuti ya ugonjwa fulani, kisha ya mkopo, kisha ya wakili, hahitaji kusoma ukurasa hata mmoja.

Shauri lililoonyesha hayo kwa uwazi zaidi nchini mwetu halikuhusu nyimbo, lilihusu simu bandia, nazo ni bandia kama kaseti ya River Road ilivyokuwa bandia. Mwishoni mwa Septemba 2012 Tume ya Mawasiliano ilizima simu bandia zaidi ya milioni moja. Januari 2017 Mamlaka iliyoirithi Tume hiyo iliziandikia kampuni za simu kwamba inataka kuunganisha mtambo wake na mitambo yao, ili izijue simu bandia moja kwa moja. Okiya Omtatah, ambaye tangu mwaka 2022 ni Seneta wa Busia, akaenda mahakamani. Mamlaka ilisema mtambo utasoma namba za vyombo tu. Wapinzani wakasema mtambo ukishakaa ndani ya nyumba hauulizwi tena unatazama chumba gani. Aprili 2018 Jaji John Mativo akaamua kwamba mpango huo unavunja Kifungu cha 31. Miaka miwili baadaye Mahakama ya Rufaa ikaitengua hukumu yake, ikiona kwamba shauri limeletwa mapema, mazungumzo ya Mamlaka na kampuni yakiwa hayajakwisha. Chama cha Wanasheria kikakata rufaa, na Aprili 2023 Mahakama ya Upeo ikaikataa rufaa hiyo.

Mimi nadhani Jaji Mativo aliona mbali kuliko waliomtengua, nawe una ruhusa ya kubishana nami. Sababu yangu ni yaliyofuata. Oktoba 2024 Mamlaka ile ile ilitangaza kwamba kuanzia tarehe 1 Januari 2025 waingizaji na waunganishaji wa simu sharti watoe namba za vyombo vyao, na mara hii sababu haikuwa simu bandia, ilikuwa kodi. Namba iliyodaiwa mwanzo kwa ajili ya kumlinda mnunuzi ikadaiwa sasa kwa ajili ya mtoza ushuru. Taasisi ya Katiba ikashtaki, na Julai 2025 Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu akasema kwamba agizo hilo ni kinyume cha Katiba.

Namba inayogombewa ina tarakimu 15. Ukitaka kuiona ya simu yako mwenyewe, au ya mzazi wako kwa idhini yake, bonyeza nyota, alama ya reli, 06, kisha alama ya reli tena, nayo itatokea kwenye kioo.